Kihusishi cha Kiingereza kikikataa, kagua Kiswahili kilicho chini yake

Siku moja nilimpeleka mtoto wa dada yangu hospitali, homa imempanda usiku kucha. Nikiwa kwenye foleni ya maabara nikamwandikia mkuu wangu wa kazi, Mwingereza, ujumbe mfupi: "I am in hospital." Nilitaka tu ajue niko hospitali na nitachelewa. Kesho yake naingia ofisini, nakuta bahasha ya kaki juu ya meza yangu. Ndani mna hela na karatasi ya majina, kila jina na kiasi chake: elfu kumi, elfu tano, elfu mbili. Wenzangu walikuwa wamenichangia. Kwa Mwingereza, mtu aliye "in hospital" amelazwa. Aliyempeleka mgonjwa, akakaa kwenye benchi kusubiri majibu, yuko "at the hospital". Nilizirudisha zile hela kwa mtu mmoja mmoja, na aibu yake ndiyo iliyonifanya nivitilie maanani vihusishi vya Kiingereza, yale maneno madogo kama "in", "at" na "on".

Tangu siku hiyo nimesahihisha barua nyingi: za kuomba kazi, za likizo, za wazazi kwa walimu wakuu, hata za mahaba. Nilichogundua ni kwamba kosa la kihusishi mara nyingi halizaliwi kwenye Kiingereza. Linazaliwa kwenye sentensi ya Kiswahili ambayo mwandishi aliisema moyoni kabla ya kushika kalamu. Kiswahili kina vihusishi vichache, na kazi iliyobaki kimeificha sehemu nne: kwenye -ni ya mwisho wa jina, kwenye "kwa", kwenye "na", na tumboni mwa kitenzi. Kwa hiyo usianze kuhangaika na "in" na "at". Isome sentensi yako mbovu, halafu sema kwa sauti Kiswahili chake. Neno utakalojisikia ukilisema hapo ndilo lenye hitilafu.

Dalili: kila mahali ni "in"

"He is in the bus stop. The plate is in the table. We met in the gate."

Chanzo ni -ni. Kituoni, mezani, getini: silabi moja inabeba sehemu zote, na darasani tulifundishwa mapema kwamba "nyumbani" ni "in the house". Basi "in" ikakaa kichwani kama tafsiri ya kudumu ya -ni.

Rekebisho lipo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe, ila hatulitumii kwa kazi hii. Jaribu kuweka "mle" au "pale". Ukiweza kusema "mle ndani" na ukawa na maana hiyo, andika "in": mle kabatini, mle chumbani, mle mfukoni. Ukitaka "pale", yaani unaonyesha mahali kama nukta, bila kujali ndani wala nje, andika "at": pale kituoni, pale getini, pale benki. Duka linaweza kuchukua vyote viwili. "I'll meet you at the shop" ni pale dukani, labda hata barazani. "It's raining, wait in the shop" ni mle ndani, mvua isikupate.

"On" haina ndugu kwenye pale na mle. Yenyewe huulizia mguso: kitu kimekalia kitu, kimebandikwa, kimening'inia, au kimefuata mstari. Sahani iko "on the table", picha iko "on the wall", nzi yuko "on the ceiling" ingawa yeye yuko chini ya dari. Barabara, mto, mpaka na pwani ni mistari, kwa hiyo Mombasa iko "on the coast". Mwanza iko "on Lake Victoria" kwa sababu inagusa ukingo wa ziwa, lakini sangara wako "in Lake Victoria". Miji na nchi hazina mjadala, ni "in": in Tanga, in Kenya.

Tahadhari moja na neno "juu ya". Kiswahili hulitumia kwa kitu kilichokalia, kwa kitu kinachopita angani, na hata kwa mada ya mazungumzo. Kiingereza kinatenganisha: paka yuko "on the roof", ndege imepita "over the roof", na wazee wanazungumza "about the roof". Nimewahi kusoma "We talked over the roof" nikawaona wazee wamepanda ngazi wakipigizana kelele toka upande huu wa paa hadi ule.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yake, na ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": on the bus, on the train, on the ferry, on the plane. Daladala na matatu zimo humo, hata siku ambayo hakuna nafasi ya kusimamisha mguu. Chombo unachojikunja kuingia ukakaa ni "in": in a car, in a taxi, in a bajaji. Unachokikalia kama farasi ni "on" tena: on a bicycle, on a bodaboda.

Na ile ya hospitali? Kuna majengo na vitu vichache ambavyo vikipoteza "the", maana huhama kutoka kwenye jengo au kitu kwenda kwenye hali ya mtu. "In hospital" amelazwa. "In prison" amefungwa. "In bed" amelala. Mwenye mjomba askari magereza akiandika "My uncle is in prison", amemfunga mjomba wake mwenyewe. Aandike "My uncle works at the prison."

Dalili: unatoa, msomaji anadhani unaweka

"Take the money in the cupboard and give it to the driver."

Hii inahitaji kutulia nayo kidogo, maana sarufi yake haionekani kuwa mbaya. Tazama Kiswahili: "Toa hela kabatini" na "Weka hela kabatini". Kabatini ni ileile. Kinachotuambia hela inaingia au inatoka ni kitenzi. Sisi tunauamini mwelekeo kwa kitenzi, Kiingereza kinauamini kwa kihusishi. Ukiwa na toa, toka, ondoa, chomoa, au anguka na ruka za kutoka mahali, kwenye Kiswahili chako, -ni iliyofuata haiwezi kuwa "in" peke yake. Itakuwa "out of" ikiwa kitu kilikuwa ndani, "off" ikiwa kilikuwa juu kimegusa, na "from" pale usipojali. Toa hela kabatini: "Take the money out of the cupboard." Sahani imeanguka mezani: "The plate fell off the table." Embe limeanguka mtini: "The mango fell from the tree."

Hapa hapa ndipo linapokaa lile jibu letu maarufu. Mtu anakuuliza umetoka wapi, unasema "I'm from the market." Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri tu, Dar na Nairobi. Mgeni anasikia umezaliwa sokoni. Umetokea muda huu? Sema "I've just come from the market." "I'm from" iachie Moshi, Kisumu au Bujumbura.

Dalili: "kwa" imegeuka "by" kila mara

"He cut the rope by a knife. She wrote by English. I came by my car."

"Kwa" ni neno lenye kazi nyingi sana kwenye lugha yetu, na hakuna tafsiri moja itakayolitosha. Tibu kwa kuuliza: kwa nini hasa? Ukishika kifaa mkononi ni "with": with a knife, with a spoon, with a key. Njia ya kusafiri au ya kupeleka habari ni "by": by bus, by email, by phone. Muda ni "for": for three years. Lugha, wino na sarafu ni "in": in English, in black ink, in shillings. Bei ya kuuziana ni "for": umeiuza simu "for 200,000 shillings". Kasi ni "at", na tazama "kwa" zetu mbili katika "kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa" zinavyokwenda njia tofauti: "at 80 kilometres per hour". Nyumbani au kazini kwa mtu ni "to" ukienda na "at" ukifika, tena na alama ya umiliki: "I'm going to the doctor's", "I'm at my aunt's."

Kwa usafiri kuna mtego mmoja zaidi. "By" inataka jina likiwa uchi, bila "a", "the" wala "my". Neno dogo likiingia, "by" inatoka: by car, lakini in my car, by bus, lakini on the six o'clock bus. Na kwa miguu ni "on foot", si "by foot" kama wengi wanavyoandika.

Dalili: mtoto amepigwa pamoja na baba yake

"The boy was beaten with his father." Mwandishi alimaanisha baba ndiye aliyechapa. Alichoandika kinasomeka kama wote wawili wameambulia kipigo, au baba ndiye aliyetumika kama fimbo.

Chanzo ni "na", ambayo kwetu ni mwenzi na pia mtendaji. Kiingereza kinampa mtendaji "by" na mwenzi "with": beaten by his father, with a stick, in front of his friends.

"Na" hiyohiyo ndiyo inayozaa kundi linalosikika Afrika Mashariki nzima, hadi kwenye mikutano ya watu wenye shahada: "It depends with the weather", "This one is different with that one", "She is married with a teacher." Tunasema inategemea na, tofauti na, ameolewa na. Kiingereza kinasema depends on, different from, married to. Hiyo ya mwisho ina mzaha wake, maana "married with three children" ni Kiingereza safi kabisa. Maana yake ameolewa na ana watoto watatu.

Dalili: kihusishi kimepotea, au kimezidi

"Wait me. Explain me. Reply me. Listen the radio." Halafu barua ileile, mstari wa chini: "We discussed about the matter. I am requesting for leave. He entered into the room."

Watu hudhani haya ni makosa mawili yanayopingana, mtu huyohuyo akisahau hapa na kuzidisha pale. Mimi naona ni moja. Kiswahili kinameza kihusishi ndani ya kitenzi, kwa hiyo hatujui lini Kiingereza kinakitaka nje na lini hakikitaki. Tazama kukimbia na kukimbilia. "Alimkimbia mama" ni kumtoroka, "alimkimbilia mama" ni kwenda mikononi mwake. Hakuna neno lililoongezwa nje, ila li moja tumboni. Kiingereza kinalitoa nje: ran from his mother, ran to his mother. Alihama Tanga, moved from Tanga. Alihamia Tanga, moved to Tanga. Nilimlipa mwenye nyumba, I paid the landlord. Nilikilipia chumba, I paid for the room. Ukiona kauli ya kutendea kwenye Kiswahili chako, hiyo -ia, -ea, -lia au -lea, simama kidogo. Mara nyingi Kiingereza kinadai "to", "for" au "from".

Kipo na kiambishi cha mtendwa. Nisubiri, nieleze, nijibu: ni- imekaa mwanzoni kimya, mtu anaona kazi imekwisha. Haijaisha. Wait for me, explain to me, reply to me. Ongeza listen to, look at, look for, ask for, laugh at, na umemaliza yanayosumbua zaidi.

Kwa yaliyozidi, dawa ni kutofautisha kitenzi na jina. Discuss, request, answer, enter, demand, emphasise, contact: zikiwa vitenzi hazitaki kitu katikati. We discussed the matter. I request leave. Emphasise quality. Zikigeuka majina, kihusishi kinarudi: a discussion about the matter, a request for leave, an answer to the question, emphasis on quality. Makosa mengi ya "requesting for" yanatokana na watu kusoma "request for" kwenye vichwa vya barua, ambako ni jina na ni sahihi, kisha wakaipeleka kwenye kitenzi.

Dalili: siku na saa zinakataa kukaa

Kiswahili hakina haja ya kihusishi hapa. "Njoo Jumatatu saa nne asubuhi", umemaliza. Kiingereza kinataka "on Monday at ten in the morning". (Na ndiyo, ni ten. Kijana aliyemwandikia mgeni "at four in the morning" alisubiriwa alfajiri getini.) Kadiri muda unavyobana, ndivyo unavyotoka "in" kwenda "on" kwenda "at": in 2023, in June, kisha on Monday, on 12 June, kisha at ten, at noon. Asubuhi ni in the morning, lakini ikifungwa na siku yake inakuwa on Monday morning. Usiku ni at night, na usiulize kwa nini. Penye next, last, this au every usiweke kitu: next Monday, every Friday.

"Tangu" ina shida yake. Sisi tunasema "tangu miaka miwili iliyopita" bila kosa, ndiyo maana watu huandika "since two years". "Since" inataka nukta ilipoanzia: since 2021, since Monday. Urefu wa muda ni "for": for two years. Kama unahesabu vipande, ni "for". Kama unanyooshea kidole kalenda, ni "since". Na kitenzi kinabadilika pia: I have worked here for two years.

Linalogharimu zaidi kazini ni "hadi". "Nitakuwa Arusha hadi Ijumaa" na "Lete ripoti hadi Ijumaa" zinasikika sawa, lakini ya kwanza ni hali inayoendelea, "until Friday", na ya pili ni mwisho wa kuleta, "by Friday". "I will send the report until Friday" ina maana utaituma, uitume tena, na tena, mpaka Ijumaa ikuokoe. Badilisha "hadi" na "isizidi". Ikikubali, andika "by".

Mapacha wasiofanana

Haya mepesi, kwa sababu safari hii Kiswahili kinasaidia. "At the end" ni mwishoni, na hufuatwa na kitu: at the end of the month. "In the end" ni mwishowe. "On time" ni saa ileile iliyopangwa. "In time" ni kuwahi: we arrived in time for the last bus, tuliliwahi basi la mwisho. "Beside" ni kando ya, "besides" ni zaidi ya. "In front of the bank" ni mbele ya benki, upande huohuo. Ukivuka barabara ukaitazama benki uso kwa uso, uko "opposite the bank".

Dalili: umeandika sawa, mtu bado anakukosoa

Angalia anayekukosoa alisomea wapi. Shule zetu zilirithi Kiingereza cha Uingereza, na sinema tunazotazama ni za Marekani. Mwingereza anapumzika "at the weekend", Mmarekani "on the weekend". Mwingereza yuko "in hospital", Mmarekani aliyelazwa yuko "in the hospital". Mmarekani pia husema "write me" bila "to", kwa hiyo aliyesema "write me" asichekwe haraka. Kwenye mtihani fuata cha Uingereza, kwenye barua fuata cha anayeipokea.

Barua moja mezani

Kijana aliniletea hii wiki iliyopita, ya kuomba kazi hotelini:

"I am writing to request for a job in your hotel. I completed my diploma on June 2023 and I am working as a receptionist at Mbeya since two years. I am good in computer and I can speak with visitors by English. I can come for an interview in next Monday. I am looking forward to hear from you."

Nilimwambia aseme Kiswahili cha kila mstari. "Kuomba kazi", si request hata kidogo, ni apply for. "Hotelini kwenu", pale, kwa hiyo at your hotel. Mwezi ni in June. "Tangu miaka miwili", akacheka mwenyewe kabla sijasema: have been working for two years. "Good in computer" haina chanzo cha kukagua, ni ya kukariri: good at maths, good with computers. Maneno ya namna hiyo yako mengi, afraid of, interested in, responsible for, congratulate on, na dawa yake ni kuyaandika daftarini yakiwa mawili mawili, kamwe si peke yake. "Kwa Kiingereza" ni in English. Next Monday ikabaki bila kitu. "To hear" ikawa "to hearing", kwa sababu "to" ile ni kihusishi kamili: hufuatwa na jina, kama kwenye "looking forward to the holiday", na "hearing" hapa ni jina.

Ikabaki "at Mbeya". Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwanzo alikuwa ameandika "in Mbeya", halafu mtu akamwambia ana "in" nyingi mno kwenye barua, apunguze moja.